Kumsemea Mtoto Mahakamani: Somo la Ushahidi na Huruma



Ndugu zangu wanafunzi, wahariri wa jarida letu wameniomba niandike juu ya kazi ya kujitolea ninayoifanya huku Marekani, katika jimbo la Kentucky, tangu nilipoondoka hapo Uganda kuja kusoma shahada ya pili. Nimekubali kwa sharti moja: hamtaisikia kesi ya mtoto yeyote. Niliapa mbele ya hakimu kwamba nitatunza siri, na kiapo hicho hakiishi kesi inapofungwa. Mifano nitakayotoa imechanganywa kutoka mambo mbalimbali, umri na jinsia vimebadilishwa, ili hata mwenyewe akiisoma asijitambue.

Na nimeipa makala hii sura ya somo kwa sababu kila ninapoieleza kazi hii kwa ndugu zangu Waislamu, wananijibu, "Maashaallah, una huruma." Ahsanteni, lakini huruma haikunisaidia sana. Kilichonisaidia ni yale tuliyosomeshwa kuhusu ushahidi.

Mtetezi ni nani

Kazi yenyewe kwa kifupi huitwa CASA. Mahakama humteua raia wa kawaida, asiyelipwa, amfuatilie mtoto mmoja au ndugu wa nyumba moja ambao kesi yao ya kudhulumiwa au kutelekezwa iko mbele ya hakimu. Siku ya kesi chumba huwa na watu wengi. Serikali ina wakili wake na afisa ustawi wa jamii. Mama ana wakili, na baba akiwepo ana wa kwake. Hapa Kentucky mtoto naye hupewa wakili, ila wakili huyo hubeba mafaili ya watoto wengi kwa wakati mmoja. Afisa ustawi vilevile. Mtetezi wa kujitolea ana faili moja, pengine mawili. Hana elimu ya sheria kuwashinda wale, hana cheo, hana mshahara. Anachowazidi ni muda.

Neno "mtetezi" linaweza kuwapotosha. Mimi sibishani na mtu mahakamani. Namtembelea mtoto walau mara moja kila mwezi pale anapolala, iwe kwa walezi wa muda, kwa bibi yake au kwenye nyumba ya watoto. Nazungumza na mwalimu, daktari, walezi, mama, baba, shangazi. Ninayo amri ya hakimu inayonifungulia milango hiyo, na bila karatasi hiyo hakuna shule itakayonionyesha hata daftari la mahudhurio. Kabla ya kila kikao naandika ripoti: nimeona nini, nimeambiwa nini na nani, mtoto mwenyewe anataka nini, na napendekeza nini. Ripoti huenda kwa hakimu na kwa mawakili wa pande zote. Hakimu akiniuliza, najibu.

Masharti si mengi. Uwe na miaka 21, upekuliwe rekodi yako ya polisi, uhudhurie mafunzo ya saa 30 kabla ya kuapishwa na saa 12 kila mwaka baada ya hapo, na uahidi kubaki na mtoto walau mwaka mmoja au mpaka kesi iishe. Wengi huanguka kwenye sharti hilo la mwisho. Mtoto ambaye amekwisha kubadilishiwa nyumba, shule na afisa ustawi hahitaji mtu mwingine wa kuja Ramadhani na kupotea Shawwal.

Makatazo ndiyo yaliyonishangaza. Huruhusiwi kumchukua mtoto kwako hata usiku mmoja. Humpi mama yake pesa. Humwombi mtoto akusimulie alivyodhulumiwa: hiyo ni kazi ya wataalamu waliosomea kumhoji mtoto bila kumtia maneno mdomoni, na ukimuuliza wewe kwa huruma yako unaweza kuuharibu ushahidi wake na kumrudisha kwenye maumivu yaleyale. Kwa sisi tuliolelewa kwamba mtoto wa jirani ni mtoto wako, haya ni magumu. Utamwona ana njaa ya mapenzi, na kazi yako ni kuandika.

Ilivyoanza

Mwaka 1974 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia udhalimu dhidi ya watoto. Majimbo yaliyotaka fedha za serikali kuu kwa kazi hiyo yalitakiwa kuhakikisha kila mtoto mwenye kesi ya namna hii ana mtu wa kumwakilisha. Sheria ilipita, lakini watu wa kuifanya kazi hawakuwepo wa kutosha.

Huko Seattle, jimbo la Washington, alikuwepo hakimu aitwaye David Soukup. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alikuwa akitoa maamuzi juu ya maisha ya watoto huku akijua hana habari za kutosha, na kwamba maamuzi hayo yalimnyima usingizi. Akafikiria kutumia watu wa kujitolea. Aliwaalika wachache waje na chakula chao cha mchana walizungumze jambo hilo, akitegemea watu wanne au watano. Walikuja 50. Programu ikaanza mwaka 1977, na mwaka 1982 kikaundwa chama cha kitaifa. Leo programu za namna hii ziko karibu kila jimbo.

Angalieni kilichomsumbua hakimu yule. Sheria alikuwa nayo na mamlaka alikuwa nayo. Alikosa jicho lililofika nyumbani.

Kadhi anapoingia mjini

Waliosoma Minhaj ya Imam an-Nawawi wanaukumbuka mlango wa hukumu. Kadhi akifika kwenye mji aliokabidhiwa, huanza kuwaangalia waliofungwa, kila mmoja kafungwa kwa nini. Wanaofuata ni mawasii, yaani wale walioachiwa mayatima na mali zao. Hangoji wamjie. Mtoto hawezi kufungua mashtaka dhidi ya anayemlisha, basi kadhi ndiye anayekwenda kuuliza.

Na kadhi hakwenda mwenyewe kila nyumba. Walikuwepo watu aliowatuma kuulizia habari za mashahidi, kwa majirani, sokoni, msikitini, wakarudi kumwambia yupi ni mwadilifu na yupi si wa kutegemewa. Fuqahaa wameweka masharti kwa watu hao wenyewe: wawe wajuzi wa watu, wasiwe na uadui na anayeulizwa habari zake. Sisemi kwamba CASA imetoka kwetu. Sipendi mtindo wa kila kitu kizuri cha wengine kukidai tulikigundua sisi. Nasema kwamba mwanafunzi wa fiqhi akiingia kwenye kazi hii hataona ugeni mkubwa, na kwamba vigezo alivyosomeshwa ni vikali kuliko vya kitabu cha mafunzo nilichopewa huku.

Chukueni Suratul-Israa, aya ya 36. Tumekatazwa kufuata tusiyo na elimu nayo, na tumeambiwa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mtetezi anayeandika "mama anatumia dawa za kulevya" kwa kuwa jirani alisema hivyo, amepita hapo. Anayeandika "jirani amesema mama anatumia dawa, mimi katika ziara tano sijaona dalili, vipimo vitatu vilivyomo kwenye faili ni safi" amebaki ndani ya alichokijua.

Chukueni pia Suratun-Nisaa, aya ya 135. Tunaamrishwa kusimama na uadilifu kama mashahidi kwa ajili ya Allah hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Kisha inatajwa kwamba awe tajiri au awe maskini, Allah ni mwenye haki zaidi juu yao wote. Zamani nilidhani onyo liko upande wa tajiri tu, tusimpendelee. Lakini maskini naye ametajwa, na wafasiri wanaeleza kwamba hata kumwonea huruma maskini kusikupindishie ushahidi. Mimi kwa kazi hii nimeongeza fundisho la tatu kwa ajili yangu mwenyewe: usimwandikie maskini umaskini wake kama kosa.

Umaskini na kutelekeza

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtoto anapoweza kuumizwa na watu wema.

Katika kesi ambazo mamlaka za Marekani huthibitisha kila mwaka, karibu robo tatu zinahusu kutelekezwa. Kupigwa na kudhulumiwa kimwili kunafuata kwa mbali. Na "kutelekezwa" ni neno pana. Kuna mtoto aliyefungiwa chumbani siku mbili bila chakula, na kuna mtoto ambaye umeme wa kwao umekatwa. Wote wawili wanaweza kuingia chini ya neno hilo moja.

Kuna zoezi ambalo wanaojifunza kazi hii hupewa, na mimi nalipenda. Watu wawili wametembelea nyumba moja. Wa kwanza ameandika: "Nyumba ni chafu na mama hajali." Wa pili ameandika: "Sahani za jana ziko kwenye sinki. Jokofu lina maziwa, mayai na sufuria ya wali. Watoto watatu wanalala godoro moja, shuka ni safi. Mtoto mdogo alikwenda kwa mama yake mara nne nikiwa pale, na kila mara alibebwa." Ni nyumba ileile. Hakimu akisoma ya kwanza, amemjua aliyeandika. Akisoma ya pili, amejua nyumba.

Ninyi mnaosoma haya mmelala watatu kitanda kimoja utotoni, nami pia. Kentucky imepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili husikika madukani na kwenye mabasi. Familia hizo zina desturi zake: dada wa miaka kumi anabaki na wadogo zake, watoto wanacheza nje bila mtu mzima kuwafuata, mtoto analishwa na jirani bila kuombwa ruhusa. Kwa macho ya mtu wa huku, hayo ni kukosa uangalizi. Baadhi yake huku ni hatari kweli, maana barabara ya magari ya kasi si uwanja wa kijiji, na majirani hawajuani. Lakini hatari huondolewa kwa kumwelekeza mama. Kumwondoa mtoto ni jambo jingine kabisa.

Lugha nayo ina mtego wake. Mama anaulizwa ikiwa amewahi kumpiga mtoto. Anajibu, "Ndiyo, nilimpiga." Mkalimani kwenye simu anatafuta neno la Kiingereza, analipata lile linalobeba kipigo cha kuumiza, na neno hilo linaingia kwenye faili. Sisi tunajua kwamba "kupiga" kwetu ni kofi moja la mkononi, ni fimbo, ni kumjeruhi mtu, na ni simu pia. Mimi nakijua Kiswahili, lakini siruhusiwi kusimama na kutafsiri, kwani mtu hawezi kuwa mkalimani na mtetezi katika kesi moja. Ninachoweza ni kumwandikia msimamizi wangu na wakili wa mtoto kwamba swali lirudiwe na mkalimani aliyeidhinishwa: alimpiga kwa nini, mara ngapi, kwa mkono au kwa kitu, na je kuna alama. Jibu likija kwamba alitumia waya na alama zipo, naandika waya na alama. Kumjua mama kwa lugha yake hakunipi ruhusa ya kumfunika.

Mfano mwingine. Mama fulani amewekewa siku ya kuonana na watoto wake kila Jumanne saa tisa alasiri, kwenye kituo maalumu, chini ya uangalizi. Faili linasema ameshindwa kufika mara nne kati ya nane. Ukisoma hivyo unaona mama asiyetaka wanawe. Nilimuuliza anafanya kazi wapi. Zamu yake kwenye ghala la mizigo inaisha saa nane na nusu. Kutoka pale mpaka kituoni ni mabasi mawili, na la pili halipiti mara nyingi. Siku moja nililipanda mwenyewe kwa saa zilezile, nikafika saa tisa na dakika ishirini na tano. Kanuni ya kituo ni kwamba ukichelewa zaidi ya dakika kumi na tano, miadi imefutwa na unaandikwa hukuja. Kwa hiyo alikuwa amekuja mara zote nane. Niliweka kwenye ripoti saa ya kutoka kazini, namba za mabasi, saa niliyofika, na pendekezo la kuhamisha siku iwe Jumamosi. Hakimu aliamuru ihamishwe. Hakuna muujiza hapo, ni nauli ya basi na saa moja ya mchana wangu.

Kwa nini miadi minne ina uzito hivyo? Sheria ya mwaka 1997 inataka mtoto aliyekaa kwenye malezi ya muda miezi 15 kati ya 22, serikali ianze kuomba wazazi wafutiwe haki zao za uzazi, isipokuwa kwa sababu maalumu kama mtoto kukaa kwa jamaa yake. Nia yake ni nzuri, kwani kabla ya hapo watoto waliachwa wakizunguka nyumba za watu mpaka wakakua. Lakini tangu siku mtoto alipochukuliwa, saa ya mama inakimbia, na kila "hakufika" inahesabiwa. Haki zikifutwa, kisheria mama huyo ni mtu baki. Mtoto anaweza kupewa wazazi wapya na jina jipya. Nyinyi mnajua Suratul-Ahzaab inasema nini juu ya kumwita mtoto kwa asiyekuwa baba yake, basi pimeni wenyewe uzito wa mstari mmoja ulioandikwa kwa uvivu.

Na upande wa pili upo, sitaki mtu atoke hapa akidhani kila mzazi ameonewa. Wapo watoto ambao nyumbani kwao ndiko kwenye hatari, na mama mwenye maneno mazuri na machozi ya kweli hajaacha, na hataacha karibuni. Huyo pia lazima umwandike alivyo. Ni vigumu kuliko mfano wa basi. Unakaa naye sebuleni, anakutilia chai, anakuita mwanangu, halafu unaandika kwamba yule mwanamume ambaye hakimu alimkataza asifike nyumbani, viatu vyake viko mlangoni.

Je, si kusengenya?

Dada mmoja aliniuliza hivyo, na swali lake ni zuri. Naandika aibu za watu na kuwapa wageni wasome.

Imam an-Nawawi, katika Riyadhus-Salihin, ametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa ubaya wake kumeruhusiwa kwa ajili ya lengo la kisheria lisilofikiwa ila kwa hilo. Miongoni mwake ni kushtaki dhulma kwa mwenye mamlaka ya kuiondoa, na kuomba msaada wa kuzuia uovu. Ripoti ya mtetezi inaingia hapo. Lakini ruhusa hiyo ina kuta. Anayesikia awe na uwezo wa kuondoa dhulma: hakimu na mawakili ndani ya kesi, si rafiki yangu wa bweni. Kinachosemwa kiwe kile kinachohitajika kwa jambo hilo. Ikiwa mama aliwahi kuolewa mara tatu na hilo halimgusi mtoto, halina nafasi kwenye ripoti yangu hata kama kila jirani amenisimulia. Na kesi ikiisha, kinachobaki kifuani mwangu kinabaki kifuani.

Wanaoipinga

Programu hizi zina wakosoaji, na wana hoja. Mwaka 2016 mawakili wawili, Amy Mulzer na Tara Urs, waliandika makala ndefu kwenye jarida la sheria wakihoji kwa nini wanaojitolea, ambao wengi ni wanawake weupe wenye maisha ya kati, wapewe sauti kubwa juu ya familia ambazo nyingi ni maskini na si weupe. Hoja yao ni kwamba mtu hupima "maslahi ya mtoto" kwa nyumba aliyokulia yeye. Uchunguzi uliofanywa Texas nao uliona watoto wenye watetezi wakirudishwa kwa wazazi kwa uchache zaidi kuliko wasiokuwa nao.

Wapo wanaojibu kwamba watetezi hupewa kesi nzito zaidi, kwa hiyo ulinganisho si sawa. Huenda. Kwa maoni yangu ukosoaji huo ni wa kweli kiasi cha kututosha sisi kuingia, si kukimbia. Mtu aliyelala kwenye godoro la watoto watatu akikaa mahali pale anaona kitu ambacho mwenzake haoni, mradi asijidanganye kwamba yeye hana upofu wake. Mimi, kwa mfano, nina upofu kwa fimbo. Nimelelewa nayo, na kila ninapoikuta kwenye faili namwomba msimamizi wangu asome nilichoandika kwa jicho la pili.

Wengi mtauliza kuhusu watoto Waislamu. Wapo, na familia za Kiislamu zilizojiandikisha kuwa walezi wa muda ni chache mno, basi mtoto hujikuta kwenye nyumba isiyojua kwa nini hataki nyama ile. Mtetezi yeyote, wa dini yoyote, ana haki ya kuliandika hilo na kuuliza kama yuko jamaa wa kumchukua. Lakini mtetezi hachagui mtoto kwa dini. Watoto niliopewa mpaka sasa hakuna aliyekuwa Mwislamu, na sikuwekwa pale kuwalingania.

Hapo mlipo

Uganda haina programu kama hii. Sheria ya watoto, iliyorekebishwa mwaka 2016, ina mahakama ya familia na watoto, na kazi ya kufika nyumbani na kuandika ripoti ni ya afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, yule mnayemwita afisa wa probesheni. Kila baraza la mtaa, LC1, lina mtu aliyekabidhiwa mambo ya watoto, naye kwa kawaida ni makamu mwenyekiti. Iko pia namba 116 ya simu, bila malipo.

Someni sheria hiyo mahali inapomtaka mwanajamii atoe taarifa. Inamtaja mzazi ambaye anaweza kumpatia mtoto chakula, makazi, mavazi, matibabu au elimu, kisha akakataa au akapuuza. Anaweza, kisha akakataa. Wabunge wa Uganda walitenganisha umaskini na kutelekeza kwa neno moja, na ni neno ambalo mtu mwenye haraka hulipita. Kabla ya kupiga simu, mwanafunzi anayeishi vyumba vya kupanga na kumsikia mtoto wa jirani akilia usiku ajiulize ameona nini, tarehe gani, mara ngapi. Ikiwa mtoto yuko hatarini usiku huohuo asingoje kuandika, apige. Ikiwa ni jambo la muda mrefu, daftari lenye tarehe litamsaidia afisa mwenye mafaili mengi kuliko hasira ya mtu mmoja.

Wanafunzi wa sheria na wa ustawi wa jamii, ulizeni ofisi ya wilaya kama inapokea wanaojitolea wakati wa likizo. Msiende na makala yangu mkawaambia Marekani wanafanya hivi. Ulizeni wao wanapungukiwa nini.

Kwa darasa la baada ya Ijumaa, naacha sentensi tano nilizozitunga. Kila mtu aseme ipi ingeingia kwenye ripoti kama ilivyo, ipi itupwe, na ipi ingefaa kama mwandishi angerudi kuulizia, na angekwenda wapi. "Mama hana mapenzi na mwanawe." "Miadi ilikuwa saa tisa. Baba alifika saa tisa na dakika kumi, amebeba mkate." "Bibi ni mtu wa swala, mtoto atakuwa salama kwake." "Mwalimu amesema mtoto hajaleta chakula tangu muhula uanze. Shule haikumwandikia mama." Na ya mwisho ndiyo itakayowachukua muda: "Mtoto ameniambia anataka kurudi nyumbani, na mimi sioni kama nyumbani pameshakuwa salama." Hapo mtetezi anaandika maneno ya nani kwanza, ya mtoto au ya kwake, na anamwambiaje mtoto alichokiandika?